Studio iliyofunguliwa mara mbili: kisa cha biashara ya picha ya mtaani Dar es Salaam

Utangulizi mfupi

Kisa hiki nakiandikia wale wanaoitwa kushauri biashara za familia: maafisa biashara, walimu wa kozi za ujasiriamali, na wale wajomba ambao kila ukoo unao mmoja, wanaopigiwa simu mambo yakishaharibika. Majina nimeyaondoa. Kata siitaji, itoshe kusema ni mtaa mkongwe, kati ya Ilala na Magomeni. Fedha nimezizungusha kidogo, ila uwiano wake nimeuacha ulivyokuwa.

Mimi nilihusika. Binti wa mwenye studio alipita kwenye kozi niliyokuwa nafundisha, na mpaka leo akinipigia huanza na "Shikamoo, Mwalimu". Makosa mengine yaliyomo humu ni yangu, nitayasema nikiyafikia.

Studio yenyewe

Mzee alifungua studio mwaka 1972 kwenye nyumba yake ya Kiswahili, ile ya korido katikati, vyumba vitatu kila upande na uani nyuma. Chumba cha mbele cha kulia alikitoboa mlango wa barabarani, kikawa fremu ya duka. Kinachofuata alikiziba dirisha kwa matofali, akaweka taa nyekundu, ikawa dakirumu, chumba cha giza cha kusafishia picha.

Fremu ilikuwa na pazia la turubai lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, ndege ya abiria na Mlima Kilimanjaro, vitu vitatu ambavyo sidhani kama vimewahi kukutana mahali pengine. Palikuwa na stuli, redio isiyofanya kazi ya kushikia mkononi, simu ya mezani isiyo na waya, kioo, kitana, kopo la poda, koti moja na tai mbili kwa wanaotaka paspoti saizi. Koti hilo limo kwenye vyeti vya nusu ya wanaume wa mtaa ule.

Watu walipanga foleni Idi na Krismasi, walikuja baada ya ubatizo, baada ya unyago, siku ya kupokea mshahara wa kwanza. Vijana walikuja na suruali zao za bugaluu na viatu vya raizoni. Wasichana walikuja kwa sababu nyingine pia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku vimini, wigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Mzee alipofungua milango, moto ule ulikuwa umepoa lakini woga haukuwa umekwisha. Msichana aliingia kajitanda kanga mbili, akazivua nyuma ya pazia, akapigwa picha na kimini chake, akajitanda tena na kwenda zake. Jambo hilo tutalirudia.

Filamu zake zilikuwa zile pana, zenye picha 12 kwa roli, na Mzee hakuwa mtu wa kupoteza. Hakusafisha roli mpaka ijae, kwa hiyo mteja alilipa nusu na kuambiwa arudi wiki ijayo. Ili asichanganye, kila negativu ilipewa namba. Namba iliandikwa kwenye bahasha, ikaandikwa kwenye daftari pamoja na jina na tarehe, kisha kwa penseli nyuma ya picha anayochukua mteja. Hakuwahi kuiruka hata siku moja. Waliomjua wanasema alikuwa na mwandiko wa karani wa mahakama.

Biashara ilipita misukosuko ya nchi. Wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na miaka ya uhaba iliyofuata, karatasi na dawa vilipatikana kwa kubahatisha. Mzee alikuwa anakata karatasi moja vipande vinne. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, vifaa vilirudi, na nyuma yake zikaja picha za rangi. Hizo zilisafishwa kwa mashine kubwa, mjini. Dakirumu ikakosa kazi, Mzee akawa mtu wa kukusanya roli za mtaa na kuzipeleka mjini kwa kamisheni.

Zikaja kamera za dijitali, kisha simu. Ikabaki paspoti saizi, nayo ikaanza kuliwa. Uandikishaji wa wapigakura wa 2015 ulipiga watu picha palepale kwenye kituo, na kitambulisho cha taifa vilevile. Mzee akaongeza fotokopi, akaongeza kulaminisha vyeti, na huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoenea baada ya 2008 akawa wakala. Kwa hiyo aliyefariki Januari 2021 alikuwa, ukiangalia mahesabu, wakala wa fedha mwenye pazia lililochorwa ndege. Mtaa ulipomlilia ulikuwa unalilia na studio iliyokufa yapata miaka ishirini kabla yake. Hili hatukuliona, na mengi yaliyoharibika yalianzia hapo.

Miezi minne na siku kumi

Warithi walikuwa wanne: Mama, Kaka ambaye ndiye mkubwa, Binti, na mdogo wao anayeishi Mwanza. Mahakama ya Mwanzo ilimthibitisha Kaka kuwa msimamizi wa mirathi. Aliandika orodha ya mali: nyumba, kiwanja cha Chanika, pikipiki, salio la wakala, mashine ya fotokopi. Kwenye dakirumu kulikuwa na masanduku na makopo ya biskuti 41 yaliyojaa negativu. Hakuyaandika, na hakuwa na nia mbaya. Mtu haandiki takataka kwenye orodha ya mali.

Dalali alishaleta mpangaji: mfanyabiashara wa vifaa vya simu, kodi shilingi 400,000 kwa mwezi, analipa mwaka mzima mbele. Kaka alitaka dakirumu isafishwe Februari. Mama alikuwa kwenye eda, ule muda wa mjane kukaa ndani. Akasema kutoka chumbani: "Eda yangu haijaisha. Hakuna mwanamume wa kuja kubomoa humu." Hakusema neno juu ya negativu, na alikuja kuniambia mwenyewe kwamba hakuwa anazifikiria hata kidogo. Alichokataa ni kelele. Lakini ile miezi minne na siku kumi ndiyo iliyookoa masanduku, kwa sababu Binti, aliyekuwa amepoteza kazi hotelini kipindi cha korona, alikuwa nyumbani mchana kutwa na alianza kuyafungua.

Mtaa wajaa kwenye simu

Binti alipiga picha negativu kadhaa kwa simu juu ya kioo chenye taa, akazigeuza kwa programu ya bure, akaziweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Zikatoka humo, zikafika makundi mengine. Akafungua ukurasa wa Instagram. Ndani ya wiki chache picha moja ya foleni ya Idi nje ya studio ilikuwa na maoni zaidi ya 600. "Mimi huyo wa pili kutoka kushoto!" "Maskini Mzee, alinipiga na koti lile." Na sentensi iliyojirudia kuliko zote: "Mngeirudisha ilivyokuwa, jamani."

Akanipigia. Nikamwambia kwamba watu 600 wakiandika "rudisheni", huo ni utafiti wa soko ambao wengine wanaulipia. Ndiyo sentensi ninayoijutia katika kisa hiki chote.

Uamuzi wa kwanza: kufufua

Kikao kilifanyika baada ya eda. Kaka alisema wazi: "Ndugu yangu, picha ni za kwenye simu siku hizi. Anayekusifia hajakuuliza bei." Binti akasema studio ni jina la baba. Mama akaamua: mwaka mmoja, kisha hesabu ziletwe mezani. Mpangaji akaondoka zake. Kwa nini Mama alikubali? Nilimuuliza. Alisema hakutaka watoto wagombane kabla kaburi halijakauka, na mwaka mmoja ni bei nafuu ya amani. Ni sababu halali, ingawa haimo kwenye kitabu chochote cha biashara nilichowahi kufundishia.

Binti aliweka shilingi milioni 3.2: milioni 2 mkopo wa kikoba, iliyobaki akiba yake. Akanunua kamera, printa, taa. Pazia likasafishwa na fundi wa kuchora mabango akaligusia rangi. Stuli ikapigwa msasa. Redio na simu vikarudi mezani. Uwakala wa fedha ukaondolewa kabisa ili mahali pasifanane na kibanda. Huo nao ulikuwa ushauri wangu. Studio ikafunguliwa mwishoni mwa Aprili 2022, siku chache kabla ya Idi el-Fitri.

Idi, na baada ya Idi

Idi ilikuwa neema. Familia zilitoka Mbezi, Tabata na Kigamboni, kina mama na gauni za sare, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mwezi ule uliingiza shilingi 1,150,000. Nilipita siku ya Idi Pili nikapata nafasi ya kusimama tu.

Mwezi uliofuata yakaingia 430,000. Uliofuata, 390,000. Wastani ukatulia 420,000, na sehemu kubwa ilikuwa paspoti saizi na fotokopi. Wageni hawakuacha kuja, ila wengi walikuja na simu zao. Wanasalimia, wanamtaja Mzee, wanaomba kusimama mbele ya pazia "moja tu", wanapiga wenyewe, wanashukuru, wanaondoka. Binti akabandika karatasi: kutumia pazia kwa simu yako shilingi 2,000. Wazee walikasirika. Mmoja alimwambia: "Mwanangu, baba yako alinipiga harusi yangu kwa mkopo, leo wewe unaniuzia ukuta?" Karatasi ikatolewa baada ya siku tatu.

Nilimwomba achukue yale maoni 600, na kila jina analolijua aandike mtu anaishi wapi. Ilimchukua jioni nne. Wachache sana walikuwa bado kwenye kata. Waliobaki walishauza nyumba au kuzipangisha wakahamia pembezoni, kina Chanika, Mbezi na Bunju, na wengine wako Muscat na London. Wanaolala mtaani sasa ni wapangaji na wafanyabiashara, wengi wao walihamia Mzee akiwa tayari ni wakala. Waliokuwa wakiikumbuka studio walikuwa wengi na walikuwa wakweli. Hawakuwa wanaishi hapo.

Picha ya dirishani

Kuvuta wapita njia, Binti akachapa picha kumi za zamani kwa ukubwa wa bango ndogo akazipanga dirishani. Kati yake kulikuwa na ya msichana wa miaka ya sabini, wigi kichwani, kimini, mkono kiunoni, amecheka mpaka jino la mwisho. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Watu walisimama kuitazama.

Agosti 2022 walikuja wanaume wawili, watu wazima, wapole kwa namna inayotisha. Msichana yule ni mama yao. Amehiji, anafundisha wanawake darsa, na picha imeshafika kwenye kundi la akina mama wa darsa hilo ikiwa na maneno chini yake. Hawakupiga kelele. Walisema tu: "Dada, nani alikupa ruhusa?" Binti akajibu kwamba picha ni mali ya studio, baba yake ndiye aliyepiga. Hapo mmoja akaita mjumbe.

Suluhu ilifanyika kibarazani: mjumbe, wazee wawili, Mama, Kaka. Kaka hakumlaumu dada yake mbele ya watu. Nilimpa heshima kwa hilo. Picha ikatolewa dirishani na mtandaoni, Binti akaomba radhi, negativu ikakabidhiwa kwa wenyewe ndani ya bahasha yenye namba ya Mzee.

Siku chache baadaye simu ikaingia. Alikuwa Hajjati mwenyewe. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilishapita. Alisema negativu anayo, lakini hana pa kuitazamia. Akaomba achapiwe moja, ndogo, isionekane na mtu, na akauliza kama bado kuna nyingine, kwa sababu mwaka ule alipiga mara mbili, ya pili akiwa na marehemu dada yake. Alikumbuka mwezi. Binti akafungua daftari, akapata jina, akapata namba, akapata kopo. Ilimchukua dakika ishirini. Hajjati alilipa 30,000 bila kuulizwa, akatuma na ya nauli.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulipa kwa moyo mmoja tangu Idi. Binti alinieleza hayo kama habari ya kufurahisha tu. Nilichelewa wiki nzima kuelewa kwamba alikuwa ameniambia biashara yake ni ipi.

Uamuzi wa pili: kugawa fremu

Miezi iliyobaki ya ule mwaka ilitumika kujaribu kitu kimoja: mtu alete jina na mwaka, au namba iliyo nyuma ya picha yake, Binti atafute, askani, achape. Bei 10,000 ya kutafuta na kuskani, kuchapa kwa ukubwa. Hakuna kinachowekwa mtandaoni bila aliyemo kusema ndiyo, na kama amefariki, mpaka familia yake iseme.

Nilidhani watakuja watu wa kumbukumbu. Waliokuja zaidi walikuwa wenye misiba. Mama wa mtu anafariki Jumanne, mazishi Jumatano, na nyumba nzima haina picha yake nzuri. Ipo ya kitambulisho, amekunja uso, ipo ya harusini, nusu amezibwa na keki. Mtu anakumbuka kwamba alipigwa studio mwaka fulani. Picha ya mwaka 1976 ikikuzwa na kuwekwa kwenye fremu ya mbao pale sebuleni, wajukuu wanamwona bibi yao akiwa na umri wao. Kwa hilo hakuna aliyeomba apunguziwe.

Baada yao walikuja watoto wanaoandaa sherehe za miaka hamsini ya ndoa za wazazi, na walioko nje, wanaolipa kwa simu na kutumiwa faili.

Mei 2023 hesabu zililetwa mezani kama Mama alivyotaka. Zilikuwa hivi: mapato ya kawaida 420,000 kwa mwezi, umeme, wino, karatasi na posho ya kijana msaidizi 260,000, kikabaki 160,000. Kodi iliyokataliwa ilikuwa 400,000. Kila mwezi familia ilikuwa inapoteza 240,000 na Binti anafanya kazi bure. Kaka alisoma karatasi, hakusema "nilisema". Alipendekeza mwenyewe fremu igawanywe kwa ukuta wa mbao: theluthi mbili apewe mpangaji, theluthi moja ibaki kaunta ya Binti, na masanduku yaende chumba cha ndani chenye feni.

Hali ilivyo

Mpangaji analipa 300,000, zinakwenda kwa Mama. Binti anapata oda kati ya 20 na 25 kwa mwezi na baada ya gharama anabakiwa na kama 250,000. Si utajiri, asubuhi bado anapika vitumbua vya kuuza. Deni la kikoba alilimaliza 2024. Pazia limekunjwa, liko mvunguni mwa kitanda cha Mama. Ukuta wa nje umepakwa rangi ya kampuni ya simu, na kila wiki hakosi mpita njia wa zamani wa kusema, "Kumbe mmeiua studio." Binti huwajibu, "Karibu, una namba yako?" Wengi hawana.

Uchambuzi

*Sifa na bei.* Kosa la kwanza ni langu na Binti kwa pamoja: tulihesabu waliosifia kama wanunuzi. Kaka aliliona tangu kikao cha kwanza kwa sentensi moja. Leo mtu akiniletea maoni ya mtandaoni, namuuliza mambo mawili tu: wanaishi wapi, na mara ya mwisho walilipia nini. Kwenye miji inayohama kama Dar, wenye mapenzi na mtaa mara nyingi ndio walioondoka.

Sisemi Idi ile haikuwa kitu. Ilituonyesha kwamba watu wako tayari kulipia tukio. Kama tungefungua pazia siku kumi kwa mwaka, Idi mbili na Krismasi, na siku nyingine fremu ikawa na mpangaji, hesabu ingekaa vizuri mapema. Hatukufikiria hivyo kwa sababu neno "studio" kichwani mwetu lilikuwa na mlango unaofunguliwa saa mbili asubuhi kila siku.

*Kodi ambayo hulipi.* Anayefanya biashara kwenye nyumba ya ukoo hujiona hana kodi. Kodi ipo, analipa mama yake. Ningeiandika 400,000 kwenye safu ya gharama tangu mwezi wa kwanza, uamuzi wa Mei 2023 ungefanyika Agosti 2022.

*Kuondoa uwakala.* Huu ulikuwa ushauri mbovu na sina la kujitetea. Nilitaka mahali paonekane pa zamani. Mzee mwenyewe, aliyekuwa wa zamani kweli, aliongeza kila kilicholeta hela. Alibadilisha kazi mara nne bila kubadilisha kibao cha mlangoni. Tuliposema tunairudisha "ilivyokuwa" tulikuwa tumechagua miaka kumi tuliyoipenda kati ya karibu hamsini.

*Daftari.* Sijui kama ningelitazama mara mbili. Lakini bila namba zile, negativu 41,000 au 4,000 ni uchafu uleule. Kilichofanya masanduku yawe mali ni mwandiko wa Mzee. Wanaosimamia mirathi ya mafundi, washonaji wenye vipimo vya wateja, waganga wa meno, wachonga mihuri, watafute daftari kabla ya kuuza mashine.

*Siki.* Makopo tisa yalipofunguliwa yalinuka siki. Filamu za aina ile zimetengenezwa kwa asetati, na kwenye joto na unyevu asetati huoza na kutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Ikishaanza hujichochea yenyewe, na mvuke wake huambukiza zilizo jirani. Mzee aliamini kopo lililofungwa kabisa ndilo salama. Kumbe kopo hilo ndilo lililofungia mvuke ndani. Manne hayakuokoka, filamu zimejikunja kama majani makavu. Matano yaliyobaki yalitengwa, yakaskaniwa kwanza, na zote zikahamishiwa kwenye bahasha za karatasi ndani ya chumba chenye hewa. Mwenye filamu za zamani nyumbani anuse leo, kabla ya masika.

*Sura ya mtu.* Binti alikuwa na nusu ya haki aliposema picha ni ya studio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mpiga picha. Lakini sura iliyomo ni ya mwenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imelipa jambo hilo meno. Siku ya kile kikao cha kibarazani sheria hiyo ilikuwa haijatungwa, na wazee hawakuihitaji. Walijua kwamba msichana aliyevua kanga nyuma ya pazia alimwamini Mzee peke yake, si dirisha la barabarani. Kuomba radhi haraka na kurudisha negativu, badala ya kubishana umiliki, ndiyo hatua bora kuliko zote zilizochukuliwa katika kisa hiki. Na ilichukuliwa kwa sababu Mama alimkanyaga Binti mguu.

*Kaka.* Katika masimulizi ya aina hii ndugu mwenye hesabu hugeuzwa kuwa adui wa urithi. Angeachiwa peke yake, negativu zingekuwa dampo la Pugu. Angenyamazishwa kabisa, Binti angekuwa na deni mpaka leo.

Bahasha zisizochukuliwa

Limebaki jambo moja ambalo sijui niliweke kwenye mapato au matumizi. Nyuma ya rafu kulikuwa na sanduku la bahasha zenye picha zilizokwisha kuchapwa, wenyewe hawakurudi. Zilikuwa 249. Kundi kubwa ni la mwisho wa 1978 na mwanzo wa 1979, vijana wenye nywele zimenyolewa upya, baadhi na sare, kwenye daftari limeandikwa jina na neno "kamaliza", maana yake alilipa yote, si nusu. Kwa nini mtu alipe yote halafu asirudi, kila msomaji atapata jibu lake. Wengine walihamishwa tu, wengine walisahau.

Binti ameanza kutafuta familia zao kupitia misikiti, makanisa na wazee waliobaki. Mpaka sasa bahasha 37 zimefika. Hatozi kitu, kwa kuwa zilishalipiwa. Kaka anasema sawa, ila nauli ya bodaboda haikulipiwa mwaka 1978, na ameanza kuiandika kwenye daftari lake.